Vitrini ya Noeli mjini Lubumbashi: je, ninunue sapini kubwa zaidi?

Swali: Nina duka la nguo na viatu vya watoto katika komini ya Kampemba, Lubumbashi. Kioo cha mbele kina upana wa mita 3 na urefu wa mita 2, na kinatazama kusini. Mwaka jana niliweka sapini (mti wa Noeli) ya plastiki, pamba ya kuigiza theluji na girlandi nne za taa, lakini watu walipita bila kusimama, na kila umeme ulipokatika jioni duka lilizama gizani. Jirani yangu ana Papa Noeli mkubwa mlangoni na spika za muziki. Mwaka huu nimetenga dola 150. Je, ninunue sapini kubwa zaidi? Na nianze lini?

Jibu: Mama, nimelisoma swali lako mara mbili, na vipimo ulivyovitoa vimenirahisishia kazi, kwa maana wengi huniandikia tu kwamba vitrini yao haivutii, bila kunieleza kioo kinatazama wapi. Nianze na lile ulilouliza kwanza: usinunue sapini kubwa zaidi. Mpita njia anayeona mti wa plastiki, pamba na taa zinazopepesa anaambiwa kwamba Noeli imekaribia, jambo ambalo alilijua kabla hajafika mbele ya duka lako. Asichokijua ni kwamba ndani kuna viatu vinavyomtosha mwanawe wa miaka sita. Pambo la duka lina kazi ya kumsimamisha mtu na kumwonyesha kitu anachoweza kukinunua, na chochote kisichosaidia kazi hiyo, hata kikiwa kizuri namna gani, kinakula nafasi yako na fedha zako.

Tuanze na kioo chenyewe, kwa sababu nadhani hapo ndipo shida yako ya mchana ilipo. Watu wengi mjini hudhani kwamba upande wa kusini ni upande wa kivuli, na katika miezi ya baridi kama Juni wako sahihi, kwa kuwa wakati huo jua hupita kaskazini mwetu. Lakini Lubumbashi iko kwenye nyuzi 11 na zaidi kusini mwa ikweta, na ifikapo Desemba jua la mchana huwa limekwisha kutuvuka na kupita upande wa kusini. Kioo ambacho mwezi Juni hakikuguswa na mwale hata mmoja, mwezi wa Noeli hupigwa na jua kila mawingu yanapofunguka. Barabara inang'aa kuliko ndani ya duka, na kioo chako kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia: mpita njia anaona teksi, nguzo za umeme na sura yake mwenyewe, wala haoni nguo. Nenda ng'ambo ya barabara saa 8 mchana siku isiyo na mvua, ukitazame kioo chako kama mteja, uhesabu ni vitu vingapi vya ndani unavyoviona bila kukodoa macho. Usishangae ukivipata viwili au vitatu tu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Jua la Desemba saa sita mchana huwa karibu na utosi, kwa hiyo kivuli cha turubai kilichotokeza nusu mita tu juu ya kioo hutia kivuli zaidi ya mita 2 chini yake, yaani kioo chako chote. Asubuhi na alasiri kivuli hicho hupungua, lakini bado husaidia. Turubai hilo hilo litakukinga na mvua, ambayo kwetu haina mchezo kuanzia Novemba hadi Machi. Kisha badilisha rangi ya nyuma. Pazia jeusi au la kijani kilichokolea nyuma ya bidhaa huongeza ule ubaya wa kioo kujionyesha barabara, ilhali kitambaa cheupe au cha rangi ya maziwa hurudisha mwanga kwa mtazamaji na kuzichora nguo waziwazi. Sogeza pia bidhaa mbele, zisikae mbali na kioo zaidi ya sentimita 40. Na kwa kuwa matone ya mvua hurusha udongo mwekundu hadi kimo cha goti, sehemu ya chini ya kioo ioshwe kila asubuhi kwa maji yenye siki kidogo na ifutwe kwa gazeti kuukuu. Watoto, ambao ndio wateja wako wa kweli, hutazama kupitia sehemu hiyo hiyo.

Hilo la watoto nalisisitiza. Mapambo mengi hupangwa kwa kimo cha macho ya mtu mzima, kama mita 1 na nusu kutoka ardhini, na hilo ni sawa kwa duka la vitenge au la simu. Kwako wewe, mtoto wa miaka mitano au sita ndiye anayeuvuta mkono wa mama yake na kusimama, na macho yake yako kwenye kimo cha mita 1. Kitu chako kikuu kikae hapo. Nguo za kuwaonyesha wazazi, zikiwa na bei yake iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa na kwa faranga, zikae juu kidogo. Bei iliyofichwa humfanya mzazi aogope kuingia, hasa mwezi ambao kila mtoto wa nyumba anatarajia nguo mpya ya Noeli.

Sasa kitu kikuu kiwe nini? Ninapendekeza lori la waya. Unayajua magari ambayo watoto wetu huyatengeneza kwa waya na makopo, yenye magurudumu ya vifuniko na fimbo ndefu ya kuyaendeshea huku wakikimbia nyuma yake. Miaka kadhaa iliyopita nilimwomba kijana mmoja wa Katuba, aliyeyatengeneza ya kuuza, anitengenezee lori kubwa la duka la viatu, lenye urefu wa mita 1 na ushee. Alilitengenezea kabini yenye milango inayofunguka, akalivika mbele kipande cha kopo la maziwa ya unga kama radieta, na nyuma akaliwekea kichanja wazi kama cha malori yanayopanda kutoka mpaka wa Kasumbalesa. Tulipakia masanduku ya viatu mpaka juu, tukayafunga kwa kamba ya katani jinsi wapakizi wanavyofunga mzigo wa safari, na juu kabisa tukaweka kiatu kimoja tu cha mtoto, chekundu, bila sanduku. Sikuongeza kitu kingine isipokuwa kitambaa cheupe nyuma. Watoto walipiga magoti mbele ya kioo kuangalia kama usukani unazunguka, na wazazi waliosimama kuwangoja walijikuta wakisoma bei. Hapa kwetu bidhaa za Noeli hazifiki kwa kigari cha kuvutwa na kulungu wa nchi za baridi. Zinafika kwa lori, na kila mtu barabarani anajua furaha ya lori linapofika.

Kuhusu rangi, huhitaji kutafuta mbali. Nyekundu na kijani za Noeli ziko ardhini mwetu. Shaba iliyosuguliwa ina wekundu wa joto ambao hakuna karatasi ya kung'aa inayoufikia, na malakiti, jiwe lenyewe la madini ya shaba, ina kijani chenye mistari ambacho wachonga mawe wa mji huu hukigeuza kuwa shanga, mayai na wanyama wadogo. Zamani mafundi wa Katanga walimimina shaba katika maumbo ya misalaba, ikatumika kama fedha na kama mahari. Umbo hilo, lenye mikono minne inayokaribia kulingana, likining'inizwa kwa ncha yake moja husomeka haraka kama nyota. Waombe mafundi wanaofua picha kwenye bamba za shaba wakukatie misalaba midogo saba au tisa kutoka kwenye mabaki ya bamba zao, ya ukubwa wa kiganja, uitundike kwa uzi mwembamba wa nailoni kwa vimo tofauti juu ya lori. Ukitaka ing'ae, isugue kwa limau na chumvi, isuuze, ikaushe vizuri, kisha ipake nta au vanishi nyembamba, maana unyevu wa Desemba huichafua shaba kwa siku chache. Nakuomba pia usinunue nyaya za shaba ambazo huelewi zimetoka wapi. Nyaya nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zimekatwa kwenye mitandao ya umeme, na haifai pambo la Noeli liwe ndilo lililomwacha jirani gizani. Jambo la mwisho kuhusu shaba ni la usalama: inapitisha umeme kuliko karibu metali zote, kwa hiyo isiguse kamwe waya wa girlandi wenye ngozi iliyochubuka.

Mapambo ya bure pia yapo. Maganda ya mbegu za miombo, yale magumu yanayopasuka kwa mlio wakati wa kiangazi na kujisokota kama riboni, yamejaa chini ya miti nje ya mji; yaliyookotwa mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijayaozesha, hupendeza yakipakwa rangi nyeupe upande mmoja tu. Usikate miti michanga ili kupata matawi ya kijani, kwa sababu misitu inayotuzunguka imekwisha kuumia vya kutosha kwa makala, yaani mkaa. Wala usitegemee lile ua lenye majani mekundu liitwalo poinsetia, ambalo Ulaya huuzwa kama ua la Noeli. Asili yake ni Meksiko, na huwa jekundu pale tu usiku unapokuwa mrefu kuliko mchana. Kwetu usiku mrefu ni wa Juni, kwa hiyo Desemba kichaka chako cha poinsetia kitakuwa kijani kitupu. Wekundu wa Desemba hapa ni wa mti wa flamboyani, ambao baadhi ya majirani zetu huuita mkrismasi. Lakini maua yake hunyauka saa chache baada ya kukatwa, basi yaache mtini.

Nifike kwenye pamba, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Iondoe. Pamba huvuta vumbi, na vumbi letu likiwa jekundu, theluji yako ya tarehe 1 Desemba itakuwa na rangi ya matofali kufikia tarehe 15. Hilo ni dogo. Kubwa ni moto. Nikiwa bado kijana katika kazi hii, nilipamba duka moja kwa pamba nyingi iliyozungushwa kwenye girlandi ya zile balbu ndogo za zamani zenye waya unaowaka. Usiku, baada ya umeme kurudi kwa nguvu, balbu kadhaa zilipata joto kupita kiasi, pamba ikashika, na mlinzi aliyenusa moshi ndiye aliyeliokoa duka kwa ndoo ya mchanga. Nilikuwa nimeiweka pamba ile kwa mikono yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo sijaweka pamba wala karatasi mahali popote inapoweza kugusa taa, na sijakubali mteja yeyote anishawishi vinginevyo.

Huenda ukauliza kama vitrini yenye vitu vichache hivyo itashindana na jirani mwenye Papa Noeli na spika. Hebu tukumbuke kazi hii ilivyoanza. Mwaka 1874 duka la Macy's la New York liliweka wanasesere wa kauri kwenye madirisha yake wakati wa Noeli, na watu wakaja kuwatazama. Mwaka 1882, katika mji huo huo, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliwasha nyumbani kwake mti wa Noeli wa kwanza wenye taa za umeme. Zilikuwa balbu 80 tu, nyekundu, nyeupe na za buluu, na wakati ule mtu aliona balbu 80 kama muujiza. Leo girlandi moja ya sokoni inazo 100 na hakuna anayegeuza shingo. Lakini kuna jambo moja katika mti wa Johnson ambalo bado lina nguvu ile ile: ulikuwa unazunguka polepole. Jicho la binadamu haliwezi kukipuuza kitu kimoja kinachotembea katikati ya vitu vilivyotulia. Taa zote zikipepesa kwa pamoja, jicho hukosa pa kutua na kuamua kuondoka. Kwa hiyo taa zako zisipepese, ziwake tu. Mwendo uachie misalaba ya shaba, ambayo uzi wake mwembamba utaifanya izunguke yenyewe kila mlango unapofunguliwa, ikirusha vimulimuli vya mwanga juu ya kitambaa cheupe, bila hata wati moja ya umeme. Ninaipenda sana dakika ile ya kwanza unapoitundika na chumba kizima kikaanza kutembea kwa nukta za mwanga.

Sasa umeme, ambao ndio uliokuangusha jioni. Girlandi ya zamani ya balbu 100 hula takriban wati 40, basi nne zilikula wati 160, na hakuna betri ndogo inayovumilia mzigo huo. Girlandi ya LED yenye idadi hiyo hiyo ya taa hula wati 5 hadi 7. Chukua moja tu ya aina hiyo, yenye mwanga wa njano ya joto, uizungushe kwenye ukingo wa kichanja cha lori, kisha nunua taa mbili za LED za wati 5 zinazoelekeza mwanga mahali pamoja, moja ikimulika lori na nyingine ikimulika nguo. Zifiche juu mbele, nyuma ya ukingo wa dirisha, zikitazama ndani na chini, ili zimulike bidhaa na zisimpige mpita njia machoni. Jumla yake haizidi wati 17. Jua la Desemba kwetu huzama karibu saa 12 na nusu jioni. Ukiwasha kuanzia hapo hadi saa 3 na nusu usiku, utatumia kama watisaa 50. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 18 hubeba watisaa 216, na hata ukitumia nusu tu, jinsi inavyopasa ili isife mapema, una jioni mbili kamili bila umeme. Chagua taa zinazofanya kazi moja kwa moja kwa volti 12, usilazimike kununua invata, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa mji, inayokula sehemu ya nguvu, na umweleze fundi aweke fyuzi karibu na betri. Wakati wa delestaji, yaani mgao wa umeme, barabara nzima ikiwa giza, dirisha lako dogo lenye taa tatu litaonekana kutoka mbali kuliko duka lolote siku ambayo umeme upo. Hiyo ndiyo nafasi yako, Mama, na ningeitilia maanani kuliko spika za jirani. Kwa vile vinavyobaki kwenye umeme wa mji, vichomoe mara unapokatika na ungoje dakika tano baada ya kurudi, kwani ule mshtuko wa kwanza ndio unaounguza vifaa.

Kwa dola 150 zako, nusu iende kwenye betri, chaja na taa, kwa sababu utavitumia tena mwakani na hata siku za kawaida. Robo iwe ya mtengenezaji wa lori na fundi wa shaba; walipe vizuri, na uwape kazi mapema mwezi wa Novemba kabla hawajalemewa. Kinachobaki ni cha turubai, kitambaa na akiba. Sapini ya mwaka jana iweke ndani, karibu na mahali pa kulipia, ambapo watoto wanaosubiri wataigusa.

Muda wa kuanza: Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Noeli, yaani kati ya Novemba 27 na Desemba 3, na huo ni wakati mzuri wa kufungua pazia. Usiweke kila kitu siku ya kwanza. Anza na lori lenye masanduku machache, kisha liongezee mzigo kila Jumamosi, ili mtoto aliyepita wiki iliyopita apate sababu ya kumrudisha mama yake. Wanunuzi wengi watakuja siku za mwisho, mishahara ikishatoka, lakini watakuja pale walipokwisha kupaona. Kama unapenda kuweka hori la Bethlehemu, desturi ambayo Mtakatifu Fransisko aliianzisha Greccio, Italia, mwaka 1223, lipe pembe yake ndani ya duka, bila bei wala viatu pembeni, na Mtoto Yesu awekwe usiku wa tarehe 24. Tarehe 26 asubuhi toa nguo za Noeli dirishani, uweke za Bonane, yaani Mwaka Mpya, na misalaba ya shaba ibaki mpaka Epifania. Baada ya hapo ifunge kwenye kitambaa kikavu. Lori lenyewe usilifungie stoo, kwa sababu masomo hurudi Januari, na kichanja kile kile kinaweza kubeba viatu vyeusi vya shule, sare na soksi nyeupe.